Baiskeli Isiyopita Msibani

Mwaka 2014, kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, Leonce alikuwa akienda Hispania, na mkewe Otilia akimfungia chakula cha njiani. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu moja, maji. Leonce alisema mtu hawezi kukatiza nchi ya watu na tumbo tupu, tena nchi yenyewe ina vilima. Akishavaa kapelo yake ya kijani alisimama mlangoni, akaaga kama watu wanavyoaga, akauliza kama kuna mwenye kuagiza kitu, kisha akashuka na lifti, akapanda basi la barabara ya Weston, na kabla kikombe chake hakijapoa mezani alikuwa amekwisha fika.

Hispania ilikuwa katika jengo la matofali mekundu, chini kabisa. Juu yake alikuwapo daktari wa meno, na juu ya daktari wa meno walikuwapo watu wa bima. Ukishuka ngazi ulikuta chumba kisicho na dirisha, zulia la kijivu, na baiskeli za mazoezi zilizofungwa sakafuni zisiende popote. Hapo ndipo walipopelekwa watu ambao mioyo yao iliwahi kuwaangusha, wakafundishwe upya kuhema. Baiskeli zote zilitazama ukuta isipokuwa moja, ya mwisho, iliyokuwa na skrini pana kama mlango, na ndani ya skrini mlikuwa na barabara. Ukikanyaga pedali, barabara inakuja. Ukiongeza mwendo, miti inakimbia. Ukifika kilimani pedali zinakuwa nzito, zinakurudisha nyuma kama mwenye nyumba asiyekutaka. Ukiacha kukanyaga, kila kitu kinasimama, hata ndege angani.

Moyo wa Leonce ulikuwa umemwangusha mwezi wa tatu, akiwa kwenye foleni ya mikate, na wiki ileile, yeye yuko hospitali na nyaya kifuani, mama yake alifariki kwao Kamachumu, huko Kagera. Alizikwa bila yeye. Mdogo wake Polycarp alipiga simu akaeleza yote, nani alikuja na nani hakuja, nani alilia na nani alijiliza, na Leonce alisikiliza akiwa amelala chali, anajibu ndiyo, ndiyo. Kaburi likaachwa udongo mtupu. Katika ukoo wao jiwe la kwanza la kujengea kaburi la mzazi huwekwa na mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza alikuwa Toronto akipimwa mkojo. Daktari wa moyo alikuwa amesema neno moja tu: ndege ya safari ndefu hapandi mpaka akanyage baiskeli nusu saa mfululizo, bila kushuka, mapigo yakiwa mazuri.

Otilia alidhani ni jambo la wiki mbili.

Mwanzoni Leonce aliigomea ile baiskeli. Alisema mtu mzima kukaa juu ya baiskeli isiyokwenda, mbele za watu, ni sawa na kukaa msalani mlango wazi. Msimamizi wa chumba kile, binti mmoja anayeitwa Leanne, ambaye wazazi wake walitoka Jamaika, hakubishana naye. Alimhamishia kwenye ile yenye skrini, akamwambia anaweza kusafiri. Leonce akauliza wapi. Leanne akatazama kitufe akasema Hispania, upande wa mashambani na miji ya kale. Leonce akauliza kama visa inahitajika. Leanne akasema hapana. Basi akapanda.

Tangu siku hiyo Jumapili baada ya misa ya Kiswahili watu hawakuondoka haraka. Leonce alisimama karibu na birika la chai akawaeleza. Nguruwe wa Hispania, alisema, ni weusi, wanashinda chini ya mialoni wanakula mbegu zinazodondoka, wametulia kama wajumbe wa baraza la kata. Hakuna anayewachunga, jioni wanarudi wenyewe na wa mwisho anafunga mlango. Juu ya kila mnara wa kanisa korongo wamejenga viota vikubwa kama magodoro, na padri hapigi kengele bila kuwaomba radhi. Kuna daraja la mawe lililojengwa na Warumi, imara hata ukilipita unasikia aibu kwa ajili ya barabara ya Eglinton, ambayo wakati huo ilikuwa imechimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyejua itafukiwa lini. Na kile kilima cha kuingilia mji wa Trujillo, wenye ngome juu, ni kikali kiasi kwamba kivuli chake kilikataa, kikabaki chini kinamngoja.

Hakusema popote kwamba ni video. Hakusema pia kwamba si video. Clementina, katibu wa jumuiya yao, alimwomba amletee zeituni. Leonce alikwenda kwenye duka la Wareno karibu na Dufferin, akanunua za kupimwa, akamkabidhi Jumapili iliyofuata kwenye mfuko usio na maandishi. Clementina alionja moja akasema ndiyo, hizi zinajulikana tu, za hapa hazina ladha hii. Otilia alikuwa amesimama palepale akishika sahani ya maandazi. Alitazama maandazi.

Kwa hiyo Leanne alipopiga simu, Otilia alidhani ni habari za uongo huo. Lakini Leanne alisema Bwana Leonce ni mgonjwa wake hodari kuliko wote. Miguu mizuri, pumzi nzuri, moyo unakwenda kama saa. Ila kila safari, palepale, anashuka, na akishuka mashine inaanza kuhesabu upya. Daktari anaona kwenye taarifa zake kwamba mgonjwa hafiki hata nusu saa, anaandika bado. Je, mama anaweza kuja kutazama?

Alhamisi Otilia akaenda naye. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba magotini, kama abiria aliyekata tiketi.

Leonce alianza vizuri. Barabara nyembamba ilipita kati ya mashamba ya ngano iliyokauka, rangi ya mkate. Kukaja kuta za mawe zisizo na saruji, mialoni, wale nguruwe, ambao kusema kweli walikuwa wametulia. Kikapita kilima, kikapita kisima chenye ndoo, akapita mzee aliyekaa juu ya ukuta na fimbo yake, na Leonce akamwinulia mkono akamwambia shikamoo bila kupunguza mwendo. Kisha barabara ikaingia kijijini. Nyumba nyeupe zimebanana, njia nyembamba ya mawe, na mwisho wa njia kanisa. Kengele ikalia, polepole, mlio mmoja mmoja. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Vijana walikuwa wanatoka na jeneza mabegani, nyuma yao wanawake wenye nguo nyeusi, na kando mzee mmoja amevua kofia.

Leonce aliacha kukanyaga. Alishuka, akavua kapelo, akaishika kifuani, akasimama wima kando ya baiskeli yake na kuinamisha kichwa.

Skrini nayo ikasimama. Wale vijana wakaganda, kila mmoja mguu mmoja hewani, jeneza likiwa limeinamia kidogo upande wa kushoto. Kengele ikanyamaza katikati ya mlio. Leonce akawangoja wapite. Wao hawakupita. Ilisikika mashine ya daktari wa meno juu ikichimba. Baadaye skrini ikaamua kwamba mpandaji amekwenda zake, ikawa nyeusi, na ilipowaka tena ikaleta shamba la ngano, mwanzo kabisa. Leonce akavaa kapelo, akapanda, akaanza upya.

Leanne alimtazama Otilia. Otilia alielewa kila kitu, akatamani asingeelewa. Huko walikokulia, mwenye baiskeli akikuta msiba anashuka. Anashuka aliyebeba maziwa, anashuka aliyebeba mkungu wa ndizi, anashuka hata aliyeiba hiyo baiskeli. Nani angemweleza binti yule kwamba mume wake hakuzidiwa na kizunguzungu ila amezidiwa na malezi? Alimwambia tu kwamba atazungumza naye.

Walizungumza kwenye basi, na nyumbani, na siku iliyofuata. Leonce hakuwa mkali. Alishangaa tu.

"Watu wametoka na maiti wao kanisani," alisema, "na mimi nipite katikati yao ninakanyaga pedali kama muuza samaki?"

"Baba Wema, ile ni picha."

"Picha ya nini?"

"Ya msiba."

"Basi."

Jumapili binti yao Wema alikuja kutoka Pickering na kuku wa kuoka. Akamweleza baba yake kwa Kiingereza, taratibu, kwamba video ile ilipigwa zamani, pengine miaka mingi iliyopita, na watu wale leo wanaendelea na shughuli zao. Leonce akamsikiliza kwa heshima yote, kisha akamuuliza kwa Kiswahili kama anataka kusema marehemu amefufuka. Wema akasema hapana. Leonce akasema ahsante, akaomba paja.

Kitu kilichomuudhi hasa, alieleza, ni yule aliyebeba kamera. Maana video ile ilipigwa na mtu juu ya baiskeli, na mtu huyo aliuona msiba kwa macho yake na hakushuka. Alipita. "Huyo," Leonce alisema, "hakulelewa. Sasa mnataka na mimi nifuate nyayo zake."

Leanne alipendekeza njia nyingine. Mashine ilikuwa na pwani ya Australia na milima ya Uswisi. Lakini daktari alikuwa amechagua Hispania kwa sababu vilima vyake vinapanda kwa kipimo, na hata hivyo Leonce alikataa kabla hajaulizwa mara ya pili. Kushuka msibani ni adabu, kupita bila kushuka ni ukosefu wa adabu, lakini kugeuza njia kwa sababu umesikia kuna msiba mbele, hilo hata jina halina. Alijaribu mara moja kufumba macho. Ikashindikana kwa sababu ya kengele. Alijaribu kuziba masikio na kufumba macho kwa pamoja, mashine ikapiga yowe kwa kuwa mapigo ya moyo yalipimwa kwenye vishikio vya usukani na mikono haikuwapo.

Hapo akaingia Caetano. Caetano alikuwa Mgoa wa Tanga, karani mstaafu wa bandari na baadaye karani mstaafu wa manispaa, mtu wa tai hata siku ya kufua, ambaye alikuwa rafiki wa Leonce kwa sababu kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mwongo na wote wawili walipenda kusikiliza. Bibi yake alisali kwa Kireno, na kwa msingi huo Caetano alijihesabu kuwa anasoma Kihispania. Alikwenda naye Jumanne. Leonce aliposhuka na picha ikaganda, Caetano alivaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kioo, akaanza kuchunguza ukuta wa kanisa, mahali palipobandikwa karatasi nyeupe isiyozidi stempu.

Tangazo la kifo, alisema. Wanabandika hivyo kule. Marehemu anaitwa Eusebio. Mzee. Alikuwa mfuga nyuki. Ameacha mke, watoto, na nyumbu mmoja.

Otilia alipoambiwa jioni aliuliza kama yote hayo yaliandikwa kwenye karatasi ile. Caetano alisema maandishi ya Kihispania ni ya kubana.

Nia ya Caetano ilikuwa njema. Alikuwa amefikiri kwamba wakimjua marehemu wataweza kumfanyia matanga, wayamalize kama inavyopasa, na msiba ukishakwisha Leonce atapita bila deni. Kumbe kilichotokea kwanza ni kinyume. Tangu Leonce alipojua jina, alianza kusimama kwa uchungu zaidi. Zamani alisimamia mtu yeyote. Sasa alimsimamia Eusebio. Nyumbani, mbele ya televisheni, alisema nyuki wale sasa nani atawaangalia.

Hata hivyo matanga yakafanyika, katika fleti yao ya Mount Dennis, Jumamosi ambayo ilikuwa zamu yao ya jumuiya. Otilia alipika ndizi na maharage kwa nyama. Clementina aliongoza rozari na kumtaja Eusebio katika kila fumbo, akampa na ukoo, kwa kuwa alidhani ni mtu ambaye Leonce alifahamiana naye huko safarini na kufikia nyumbani kwake. Mtu mmoja aliuliza marehemu aliugua nini. Caetano alisema moyo, na watu wote wakamtazama Leonce kwa huruma. Walikula, wakaimba, wakamaliza. Mikeka ikakunjwa. Caetano alimshika mkono rafiki yake mlangoni akamwambia, "Bwana Leonce, msiba umekwisha rasmi. Jumanne unapita."

Jumanne Leonce alishuka palepale.

Otilia alimuuliza jikoni, bila kugeuka kutoka kwenye sinki, ni nini tena. Leonce alijibu kwamba amelitafakari jambo lile njia nzima tangu kwenye ngano, na kuna kosa. "Tumekula matanga," alisema, "ya mtu ambaye bado yuko mabegani. Umewahi kusikia wapi, Mama Wema? Matanga yanakwisha maiti hajafika makaburini."

Otilia hakuwahi kusikia. Aliendelea kuosha sufuria.

Wiki hiyo Polycarp alipiga simu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na safari hii alikuwa na machache zaidi. Mawe yamekusanywa. Fundi amepatikana, yule mzuri, ambaye akiondoka harudi mpaka mwakani. Mvua za vuli zinakuja na udongo umeanza kudidimia upande wa miguuni. Aliongea kwa heshima, akimwita kaka kila baada ya maneno mawili, lakini alichosema ni kwamba kaka asipofika kabla ya mvua, jiwe la kwanza ataliweka yeye, na ukoo utamwelewa. Leonce alisema atafika. Polycarp akauliza daktari anasemaje. Leonce akasema daktari ni mtu mzuri.

Baada ya simu hakusimulia chochote. Hakugusa chakula. Otilia, aliyekuwa amezoea kumsikia akiongea hata usingizini, alikaa kwenye kochi akisikiliza friji.

Daktari alikuwa amepanga kuja mwenyewe Alhamisi, kupima kwa mara ya mwisho kabla hajaenda likizo. Akiandika bado siku hiyo, basi ni mwaka ujao. Otilia alivaa gauni lake la kanisani na kutia kitenge kwenye mkoba, bila kujua anakitia cha nini. Ni mkono tu uliokichukua. Chakula cha njiani alikifunga kama kawaida. Leonce hakuuliza kama kuna mwenye kuagiza kitu.

Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye haraka, na alisimama nyuma ya baiskeli akiwa na kompyuta yake ndogo mkononi. Leanne alimfunga Leonce nyaya. Otilia akakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Ngano ikaanza kupita.

Alikuwa ameiona njia ile mara moja tu, lakini kwa kusimuliwa aliijua kama ya kwenda sokoni. Kuta za mawe. Nguruwe. Kilima cha kwanza, na pumzi ya Leonce ikiongezeka lakini haikatiki. Daktari akatikisa kichwa kukubali. Kisima. Mzee juu ya ukuta, na Leonce akamwamkia kwa sauti ndogo. Nyumba nyeupe zikaanza kubanana pande zote, na mwendo wa Leonce ukapungua, na kengele ikalia.

Mguu wake wa kulia ulikuwa tayari unaacha pedali. Vijana wakaonekana mlangoni, wakapunguza mwendo pamoja naye, jeneza likaanza kuinamia kushoto. Otilia aliwatazama wale vijana. Hakuwa amewatazama vizuri siku ile ya kwanza. Alikuwa amemtazama mume wake. Yule wa mbele alikuwa na jasho kwenye paji la uso. Shati lilimbana shingoni. Mguu wake ulikuwa unaanza kuganda hewani kama ulivyoganda Jumanne, na Alhamisi ya kabla ya hapo, na kiangazi chote.

Akasimama. Alichomoa kitenge, akakifunga kiunoni juu ya gauni la kanisani, akapita mbele ya daktari bila kuomba njia, akaenda kusimama kando ya skrini, mikono ameikunja, kichwa ameinamisha, upande wa wanawake.

"Kanyaga, Baba Wema," alisema bila kumtazama.

Leonce alikuwa nusu juu ya kiti, nusu chini.

"Kanyaga. Wale vijana wamembeba mzee wa watu tangu mwezi wa sita. Ukisimama wewe, na wao wanasimama. Hawezi kuzikwa kwa sababu yako."

Leonce aliangalia jeneza.

"Mimi nimefika," Otilia alisema. "Nimesimama kwa niaba ya nyumba yetu. Mmoja akisimama inatosha. Wewe kanyaga, wapate kwenda makaburini."

Hilo lilikuwa jambo asiloweza kulipinga, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Nyumba ikishawakilishwa msibani imewakilishwa, na hakuna mwenye haki ya kuuliza baba yuko wapi. Baba ameleta mtu wake. Mguu wa kulia ukarudi kwenye pedali. Ukakanyaga. Na yule kijana wa mbele akaushusha mguu wake, akakanyaga mawe ya njia ya kwao, kisha mwingine, jeneza likanyooka, na kengele ikamalizia mlio iliokuwa imeukatiza.

Daktari alimuuliza Leanne kwa sauti ya chini mama yule anafanya nini. Leanne alikuwa amekwenda kuzima redio ndogo iliyokuwa ikiimba pembeni, na alipoizima hakurudi mahali pake, alisimama palepale na mikono nyuma. Baadaye alimwambia Otilia kwamba bibi yake, huko Jamaika, alikuwa akifunga madirisha ya upande wa barabarani msiba ukipita. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye baiskeli ya kutazama ukuta aliona watu wamesimama naye akashuka. Daktari akabaki peke yake akiwa na kompyuta. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaifunga, akasimama vizuri.

Ni Leonce peke yake aliyekuwa akikanyaga. Alikanyaga polepole, kwa mwendo wa waliobeba, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta, kwa kuwa mikono ilitakiwa kwenye vishikio. Msiba ukampita upande wa kushoto. Wanawake wenye nguo nyeusi wakapita karibu na Otilia, mmoja baada ya mwingine, mzee aliyevua kofia akapita wa mwisho, na njia ikabaki wazi. Kona. Ukuta mweupe, mbwa amelala. Kisha kijiji kikaisha, na Leonce, kwa mara ya kwanza tangu aanze safari zake, akaona kilichokuwa upande wa pili.

Kilikuwa mteremko. Barabara ilishuka kwa raha kati ya mizeituni iliyopandwa kwa mistari, hadi mbali kabisa palipo na mji juu ya mwamba, ule aliokuwa akiusimulia kabla ya kuufikia, na minara yake, na korongo wake. Nusu saa ikatimia katikati ya mizeituni. Mashine ikalia kuonyesha imetosha. Daktari akasema vizuri sana, inatosha, anaweza kushuka. Leonce akasema bila kugeuka kwamba yeye amepanda kile kilima tangu mwezi wa sita, na mteremko wake hamwachii mtu. Wakamngoja. Daktari alisaini karatasi ya ruhusa akiwa amesimama, akaiacha kwa Leanne, akaenda likizo.

Kituoni basi lilichelewa kwa sababu ya machimbo ya Eglinton. Walikaa kwenye benchi, Leonce na taulo shingoni, Otilia bado na kitenge kiunoni. Walikula viazi. Leonce akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayepokea mjumbe aliyetoka mbali, wafiwa wanasemaje.

Otilia aliyekuwa hajasema uongo tangu ubatizo wake alimeza kiazi kwanza.

"Wamekushukuru," alisema. "Mjane amesema amekuona ulivyokuwa ukihangaika njiani. Amesema hana neno na wewe."

"Na makaburini?"

"Wamefika salama. Kaburi limechimbwa vizuri, udongo mkavu. Mtoto wake wa kwanza alikuwapo."

Leonce alitikisa kichwa taratibu. "Na nyuki?"

"Nyuki wamechukuliwa na jirani. Wametupa na asali, nikakataa, nikawaambia mume wangu ana sukari."

Leonce alimgeukia mkewe akamtazama kwa muda, kama anayemwona mtu wa fani yake. Alitoa simu mfukoni, akaiweka mbali na macho ili aone namba, na akangoja mpaka upande wa pili, ambako ilikuwa jioni tayari, mtu akaitika.

"Polycarp," alisema. "Ndiyo, ni mimi. Nimetoka Hispania sasa hivi. Mwambie fundi asichanganye saruji, ninakuja."